Chini ya Rangi Nyeupe

Fundi Herufi hakuwa mtu wa uongo. Miaka ishirini na mitatu aliandika mabango kwa brashi, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba rangi ni ya mafuta kumbe ni ya maji. Lakini Jumatatu ile Bosi alipoingia karakana na boksi refu, akalipasua na kutoa mashine nyeupe ya kukatia stika, yenye kisu kidogo kama ncha ya sindano, kisha akauliza, "Nani hapa anajua kuchora kwa kompyuta?" ulimi wa Herufi ulimtangulia.

"Mimi, bosi."

"Wewe?"

"Mwaka wa pili sasa. Nachorea nyumbani."

Mbandikaji, ambaye kazi yake ilikuwa kubandika stika kwenye vioo vya maduka na milango ya magari, aliinama ghafla kufunga kamba ya kiatu. Mabega yalimtikisika. Bosi alimtazama Herufi kuanzia viatu vyenye madoa ya rangi hadi kofia, akairudia safari ile ile kutoka kofia hadi viatu.

"Haya. Maana nilishaongea na binti mmoja mwenye cheti. Tumepata kazi ya yule mama mwenye maduka ya dawa. Maduka kumi na nane, mabango kumi na nane, na anataka yafanane kama pacha. Mkono wako hauwezi hiyo, na wangu pia hauwezi. Bango la kwanza nalitaka Ijumaa ya wiki ijayo. Saa kumi jioni mwenyewe anakuja kuliona. Likitoka sawa, kiti ni chako. Lisipotoka, kiti cha binti."

"Litatoka, bosi."

"Kompyuta ya hapa ni ya kuendeshea mashine tu, haina programu ya kuchorea. Utachorea yako."

"Hamna shida," alisema Herufi, ambaye hakuwa na kompyuta, na ambaye maisha yake yote alikuwa ameshika kipanya mara moja tu, benki, alipokisogeza ili apate pa kuweka kiwiko.

Jioni alirudi nyumbani na kitabu. Alikikuta kwa muuza vitabu vikuukuu kando ya barabara, kinene kama tofali, jalada la mbele limeng'oka. Kilikuwa na masomo kumi na tano ya kuchora kwa kompyuta, na picha za kuonyesha pa kubonyeza. Mkewe, mpishi wa kantini ya shule, alikipima uzito kwa mkono.

"Kwa hiyo umemwambia unajua."

"Ilinitoka tu."

"Ilikutoka! Mtu mzima na mvi zake, maneno yanamtoka kama kwikwi. Na kompyuta utaitoa wapi?"

Herufi alielekeza macho kwenye meza ya kona, ambapo binti yao alikuwa amekaa na laptopu aliyonunuliwa na shangazi yake. Mkewe akayafuata macho yale.

"Aa-aa," alisema. "Ile ni ya mtoto. Ana fomu za chuo."

"Baba achukue tu," binti alisema bila kugeuka. Alikuwa amemaliza shule mwaka ule, kichwa chake kinachemka, na alikuwa akiomba nafasi ya kusomeshwa bure, kwa kuwa nyumba ile haikuwa na njia nyingine ya kumfikisha chuo. "Kabla ya kazi na jioni yako wewe, mchana yangu. Nitakuwekea programu. Ipo ya majaribio, siku thelathini bure."

"Mungu akubariki, mama," alisema Herufi. Ndivyo alivyomwita binti yake tangu azaliwe.

Siku za kwanza zilikuwa za vicheko. Kitabu kilikuwa cha toleo la zamani, na programu aliyoweka binti ilikuwa mpya, kwa hiyo kila kitufe kilichoonyeshwa kwenye picha kilikuwa kimehama. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Herufi kilikuwa cha kuulizia bei. Alikaa na kamusi upande wa kushoto, kipanya upande wa kulia, miwani imeteremka hadi puani, akisoma sentensi moja mara nne.

Alichokuja kuelewa, na kilimchukua somo la kwanza hadi la tatu, ni kwamba humo ndani hakuna rangi inayotiririka. Mtu anaweka nukta, anaweka nukta nyingine, na mstari unajichora wenyewe katikati. Ukiivuta nukta, mstari unapinda. Kitabu kilisema tumbo la herufi D linahitaji nukta mbili au tatu. Herufi, aliyezoea kuuendesha mkono taratibu ukutani, aliweka nukta sitini na nne.

"Baba, hii D ina ndui," binti alisema.

"Ni ya mkono wangu hii. Iache."

"Soma hapa. Nukta chache, mstari laini."

Akazifuta, akaweka tatu, akavuta. Tumbo likajaa, laini, zuri kuliko D yoyote aliyowahi kuandika, na hapo Herufi aliona wivu. Aliionea wivu mashine, waziwazi, kama mtu anavyomwonea wivu mpangaji mpya mwenye sauti nzuri. Halafu akacheka, na mkewe na binti wakacheka naye.

Ila tabia ya miaka ishirini na mitatu haiondoki kwa kitabu. Mchoraji wa mabango akikosea hafuti. Anachukua rangi nyeupe, anapaka juu ya kosa, anasubiri ikauke, anaandika upya. Ukutani kosa likishafunikwa limekufa. Kwa hiyo herufi ilipomharibikia kwenye kioo cha laptopu, Herufi alichora kipande cheupe juu yake, na juu ya kipande kile akaanza upya. Mguu wa A ukizidi, kipande cheupe. Jani la nembo likienda kombo, kipande cheupe. Alipofika somo la saba, ambalo lilifundisha namna ya kuunganisha umbo na umbo, kukata la juu kwa la chini na kuondoa mabaki, alisoma mistari miwili akaguna.

"Hili silihitaji," alisema. "Mimi nina nyeupe yangu." Akafungua la nane.

Mambo yalianza kuharibika Jumanne ya wiki ya pili. Bango lilikuwa na maneno DUKA LA DAWA na jani kubwa la kijani, na jani lilikuwa limemshinda. Asubuhi ile alipaswa kuiacha laptopu mezani kama walivyopatana, lakini aliitia begini akaenda nayo kazini, ili apate saa moja ya mapumziko ya mchana. Jioni alimkuta binti kasimama mlangoni.

"Baba, leo ilikuwa zamu yangu."

"Najua, mama. Kazi imenibana."

"Insha yangu imo humo. Vyeti vyangu nimevipiga picha, vimo humo. Kwenye simu ile fomu haifunguki."

"Kwani inafungwa lini?"

"Ijumaa."

"Basi Ijumaa si bado."

"Na yako si Ijumaa hiyo hiyo?" Sauti ya binti ilipanda, kitu ambacho nyumba ile haikukizoea. "Wewe ulimdanganya bosi wako, mimi ndiyo nilipe?"

Mkewe alitoka jikoni na kitambaa mkononi. Herufi alihisi masikio yanamwaka moto. Angeweza kusema kweli, mwanangu, nimekosa. Badala yake alisema, "Usinipandishie sauti. Nikikosa kazi, hicho chuo utakiendea kwa nauli ya nani?" Na kwa kuwa neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake, lilimchoma binti zaidi. Aliingia chumbani, na kuanzia hapo baba na binti wakawa hawasemeshani.

Jumatano alipotoka kuoga alikuta laptopu iko wazi, na kwenye faili lake la bango, pembeni chini ya jani, kulikuwa na maneno ambayo hakuyaandika yeye. Binti alikuwa ameyachapa kwa herufi kubwa mahali ambapo alijua baba yake lazima atatazama: BABA FOMU INAFUNGWA IJUMAA SAA KUMI. NAOMBA LAPTOPU. TAFADHALI.

Herufi aliyasoma mara mbili. Moyo ulimlainika, akataka kumwita. Lakini saa ilikuwa imekwenda, jani bado lilikuwa na kona mbaya, na maneno yale yalikuwa yamekaa pale pale alipotaka kufanyia kazi. Nitamjibu jioni, alijiambia. Akachora kipande cheupe, akakiweka juu. Pembeni pakawa safi, naye akaitia laptopu begini akaondoka nayo tena.

Jioni binti alikuwa kalala mapema, au alijifanya kalala. Alhamisi pia Herufi alikwenda nayo kazini, akarudi amechoka, kazi imekamilika, na bango lilipendeza kiasi kwamba alimwita mkewe alitazame.

"Zuri," mkewe alisema. Kisha, bila kumtazama, "Kesho unamwachia mwenzio?"

"Naipeleka asubuhi, mashine inakata, saa tano nipo hapa nayo."

"Mwambie mwenyewe."

"Kalala."

Ijumaa alitoka kabla hawajaamka. Karakana simu zilizimwa saa za kazi, amri ya Bosi. Herufi alizima yake. Saa tano ilipita wakihangaika na waya wa mashine, ambao uligoma kuingia mahali pake hadi Mbandikaji alipoupuliza vumbi. Saa sita kasorobo faili likahamishwa kwa flashi. Kwenye kioo bango lilionekana safi bila doa. Bosi aliliangalia kwa muda, akampiga Herufi begani.

"Kumbe wewe mzee una mambo."

Herufi alitabasamu. Wakatia stika ya kijani, mita tatu nzima. Mashine ikaanza kunguruma, kisu kikienda mbele na nyuma. Kilikwenda sana. Kilirudi pale pale kilipokwisha pita, kikapita tena, na tena.

"Mbona kinachelewa hivi?" Bosi aliuliza.

"Kazi nzuri haina haraka," alisema Herufi.

Ilipokwisha, Mbandikaji aliitandaza stika mezani, akachukua kibanio, akaanza kung'oa mabaki ili zibaki herufi peke yake. Alishika ukingo wa D, akavuta. D ikatoka vipande vitano. Alishika U, ikaja na nusu ya K. Jani lilikuwa limekatwakatwa kama mboga.

Mbandikaji aliweka kibanio chini. Safari hii hakucheka, na kwa Herufi hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nini hiki?" Bosi aliuliza.

"Kwenye kioo lipo sawa, bosi. Umeliona mwenyewe."

"Herufi," Mbandikaji alisema polepole. Aliwahi kufanya kazi mahali penye mashine kama ile. "Mashine haioni rangi. Inaona mistari tu. Nyeupe, nyeusi, kwake ni mamoja. Umefunika nini humo ndani?"

Makosa yake yote ya siku kumi na mbili yalikuwa pale mezani, yamekatwa vizuri, kila moja na kingo zake.

"Na hapa pembeni kuna maandishi," Mbandikaji aliendelea. Aling'oa kipande kidogo, kikatoka kizima, safi, kwa kuwa hapo mistari haikupandana. Akasoma kwa sauti kabla hajatambua anasoma nini. "Baba, fomu inafungwa Ijumaa saa kumi. Naomba laptopu. Tafa..."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini.

Herufi aliiwasha simu. Simu kumi na nne za binti, mbili za mkewe. Alimpigia binti, na ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Njoo karakana," alisema. "Panda chochote. Nitalipa mimi hapa."

Bosi alimshika mkono. "Subiri. Mteja anakuja saa kumi. Una saa tatu na nusu za kulirekebisha hili, na unazihitaji zote. Huyo mtoto atakuja kufanya nini?"

"Laptopu ni yake."

"Na bango?"

"Bango litasubiri amalize."

"Mimi nilikuuliza, nikakuuliza hapa hapa, unajua?" Bosi alikuwa haongei kwa sauti kubwa. "Ukasema mwaka wa pili."

Herufi alivua kofia. Hakujua kwa nini alivua. "Siku ya kumi na mbili, bosi. Nimejifunzia kwenye kitabu. Na somo la saba niliruka."

Binti alifika saa saba na nusu, jasho linamtiririka, kitabu kile kinene kifuani. Mama yake ndiye aliyembebesha, akisema baba yako atakihitaji. Hakumsalimu mtu. Alikaa kwenye meza ya Herufi, katikati ya makopo ya rangi, akafungua fomu kwa mtandao wa simu ya Mbandikaji, aliyemsogezea simu bila kuombwa. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Cheti cha kwanza kilipanda. Cha pili kilifika nusu kikakwama, akaanza upya. Herufi alisimama nyuma yake, mikono haina kazi, akihesabu dakika za binti na za kwake kwa pamoja. Kila dakika iliyopita ilikuwa inamtoka yeye, na hakuisogelea ile meza hata hatua moja.

Saa tisa na dakika ishirini na tano kioo kiliandika kwamba ombi limepokelewa. Binti alishusha pumzi, akaegemeza paji la uso kwenye viganja. Kisha akainuka, akamgeuzia baba yake kiti.

"Kaa," alisema. "Somo la saba lipo ukurasa wa tisini na moja. Mimi nasoma, wewe fanya."

Herufi alitazama vipande vyeupe, akaviondoa cha kwanza, cha pili, cha kumi. Vilikuwa arobaini na kitu. Hapakuwa na muda. Akafungua ukurasa mtupu, akaanza neno la mwisho, kwa kuwa ndilo lililobeba biashara. D, nukta tatu. A. Binti akasoma, kata la ndani kwa la nje, ondoa mabaki. W ilimsumbua, akaifuta. Akaifuta kweli, ikaondoka. A.

Mama mwenye maduka alifika saa kumi kamili, na mezani alikuta neno moja la kijani, lililotoka mashineni dakika ile. DAWA. Kingo zake zilikuwa safi, tumbo la D limejaa.

"Zuri hili," alisema, akageuka huku na huku. "Mengine yako wapi?"

"Mengine Jumatatu, mama," Bosi alisema haraka. "Kulikuwa na hitilafu ndogo."

"Nilipewa Ijumaa."

"Jumatatu asubuhi, na la kwanza nakufanyia bure."

Mteja aliondoka akinung'unika. Bosi alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akasimama mbele ya Herufi.

"Jumatatu binti mwenye cheti anaanza," alisema. "Na lile la bure linatoka kwenye mshahara wako. Wewe utasaidiana na huyu Mbandikaji kubandika. Kwa malipo ya kubandika."

Ilikuwa nusu ya alichokuwa akipata. Herufi alimtazama binti yake akikusanya chaja na kujifanya hasikii.

"Sawa, bosi."

Alipokuwa anachukua begi, Mbandikaji alimfuata mlangoni, akamtia mkononi kitu kilichokunjwa kwenye karatasi. "Nimekitoa kizima," alisema. "Nikaona vibaya kukitupa."

Walitembea mitaa miwili. Binti alibeba laptopu, Herufi kitabu. Walipofika penye duka la vifaa vya shule, ambalo bango lake Herufi aliliandika kwa mkono miaka tisa nyuma na lilikuwa linaanza kubanduka, binti alisimama.

"Baba. Niliandika Jumatano. Uliuona ule ujumbe?"

Jibu lilikuwa karibu sana. Sikuuona, mama, macho yangu haya. Lilikuwa limeshafika ulimini, jepesi, na angeaminiwa.

"Niliuona," alisema Herufi. "Nikaufunika."

Binti alimtazama. Macho yalimjaa, akayafuta kwa mgongo wa mkono, akaendelea kutembea mbele yake. Hakusema nimekusamehe, wala Herufi hakuliomba neno hilo.

Nyumbani mkewe aliuliza, akajibiwa, akakaa kwenye kigoda akapiga hesabu ya nusu mshahara kwa midomo tu, bila sauti. Binti aliweka laptopu mezani, akaenda kunawa uso. Herufi akaikunjua ile karatasi ya Mbandikaji. Akaufuta mfuniko wa laptopu kwa kitambaa kikavu, mara mbili, kama anavyofuta kioo kabla ya kazi. Kisha akaushusha ule ukanda wa kijani taratibu, kuanzia neno la kwanza, akisukuma hewa kwa kidole gumba ili isibaki hata povu moja, mpaka maneno yote yakakaa pale juu, mahali ambapo hakuna mkono ambao ungeweza kuifungua bila kuyapitia.

Binti alirudi na taulo shingoni, akayaona, akasimama.

"TAFADHALI imekaa upande," alisema hatimaye.

Herufi alitazama. Ilikuwa imekaa upande kweli.

"Niivute?"

"Iache," binti alisema. Akavuta kiti, akakaa. "Kesho asubuhi yangu. Mchana utaniambia ile W ilikushinda wapi."